Ninunue wapi manukato, na begi langu litafikaje Hamburg?

Swali: Mimi ni mama mstaafu, naishi Kisasa, Dodoma. Binti yangu amejifungua huko Hamburg, Ujerumani, na amenikatia tiketi ya kwenda na kurudi: Dar es Salaam, Addis Ababa, Frankfurt, Hamburg. Dodoma mpaka Dar najitegemea mwenyewe. Mwanangu wa kiume ananiambia nikifika uwanja wa Dar ninunue wiski ya mkwe na manukato ya binti kwenye maduka yasiyotozwa ushuru, eti huko ni bei rahisi. Jirani yangu naye anasema manukato yake yalitupwa kwenye pipa alipokuwa anabadilisha ndege. Nimsikilize nani? Na begi langu nitalichukulia Addis, Frankfurt au wapi? Sijawahi kubadilisha ndege maishani. (Mama Neema)

Jibu: Shikamoo mama, na hongera sana ya kupata mjukuu. Mbukwenyi kwa wote hapo Kisasa.

Kwenye wiski msikilize jirani. Kwenye manukato mwanao ana hoja, ila hajaimaliza. Sheria inayosumbua watu hapa haihusu ushuru hata kidogo, ni ya usalama. Agosti 2006 polisi wa Uingereza waliwakamata watu waliopanga kulipua ndege kwa vimiminika vilivyofichwa kwenye chupa za vinywaji. Tangu hapo abiria haruhusiwi kuingia ndani ya ndege na chombo cha kimiminika kinachozidi mililita 100, na vyombo vyote vidogo viingie kwenye mfuko mmoja unaoonyesha ndani, wa lita moja. Kinachopimwa ni chombo. Chupa ya mililita 200 iliyobaki losheni kidogo chini inatupwa vilevile. Na kimiminika kwa macho ya mkaguzi ni pamoja na asali, mafuta ya nazi, achari na hata siagi ya karanga.

Sasa fuatilia chupa ya wiski ukiinunua Dar. Duka liko ndani, baada ya ukaguzi, kwa hiyo pale hakuna wa kukuuliza. Ukishuka Addis unakaguliwa tena kama abiria wa kuunganisha. Ukishuka Frankfurt unakaguliwa mara nyingine, kwa sababu umetoka nje ya Ulaya na unapanda ndege nyingine. Chupa moja, milango miwili ya kuivusha. Ndiyo maana huwa nawaambia wateja wasiulize duka gani ni rahisi kabla hawajajua ni wapi watakaguliwa baada ya kununua.

Kuna njia halali ya kuivusha. Muuzaji huitia chupa kwenye mfuko maalumu unaoonyesha ndani, wenye ukingo mwekundu, pamoja na risiti, kisha anauziba kwa gundi isiyobanduka bila kuacha alama. Hapo ndipo wengi wanapoponzwa. Muuzaji atakuomba pasi ya kupandia ndege na kukuuliza unakwenda wapi. Ukijibu “Addis”, kwa kuwa ndiyo ndege unayoipanda, anaweza kukupa mfuko wa kawaida tu. Mjibu “Hamburg, nabadilisha ndege mara mbili”, na usiondoke kaunta kabla hujaiona risiti ndani ya mfuko, maandishi yakisomeka kwa nje. Halafu usiufungue. Abiria anakaa Addis, ana muda wa kupoteza, anafungua anuse kidogo au ampigie picha mtu nyumbani, na mambo yameishia hapo. Mfuko uliofunguliwa ni sawa na hakuna mfuko. Sikumwona jirani yako, lakini ningeweka dau kwamba yake ilikuwa ama chupa kubwa kwenye mfuko wa kawaida, ama mfuko uliokwisha kufunguliwa.

Utasikia pia kwamba viwanja kadhaa vya Ulaya vimepata mashine mpya na vinaruhusu chupa hadi lita mbili. Ni kweli kwa baadhi yao, tena kwa baadhi ya milango tu. Usipange safari kwa kutegemea hilo. Kwenye tiketi yenye vituo vinne, kiwanja chenye masharti magumu kuliko vyote ndicho kinachoamua.

Tuje kwenye hesabu, maana neno “bila ushuru” linawalevya watu kabla hawajaionja hiyo wiski. Ujerumani kodi ya pombe kali ni euro 13.03 kwa kila lita ya kilevi halisi. Chupa ya mililita 700 yenye asilimia 40 ina kilevi lita 0.28, kwa hiyo kodi yake haifiki euro 4. Juu yake kuna kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 19. Hiyo ndiyo nafuu yote ambayo duka la uwanja wa ndege linaweza kukupa, kama likiamua kukupa, kwa sababu hakuna sheria inayolilazimisha kukurudishia wewe msamaha wa kodi. Kodi ya pango la pale si ndogo, na bei wanapanga wenyewe. Mkwe wako anaweza kuteremka dukani mtaani kwake akapata wiski ileile kwa bei inayofanana, au chini yake. Wewe umeibeba kutoka Dar, umeipitisha milango miwili, ukaokoa hela ya soda.

Manukato ni habari nyingine kidogo. Chupa ya mililita 50 au 100 iko ndani ya kipimo, inaingia kwenye ule mfuko wako mdogo wa vimiminika na kupita kila mahali hata risiti ikipotea. Kwa hiyo ukitaka kumnunulia binti, nunua ya mililita 100 au chini yake, na angalia namba iliyoandikwa kwenye chupa yenyewe, kwa maana zipo za 125 ambazo kwa macho huwezi kuzitofautisha. Ila usinunue Frankfurt ukielekea Hamburg ukidhani hakuna kodi. Safari ya Frankfurt kwenda Hamburg iko ndani ya Umoja wa Ulaya, na huko msamaha wa ushuru kwa safari za ndani ulifutwa tangu Julai 1, 1999. Wataskani pasi yako na utalipa bei yenye kodi.

Ungeniuliza mimi nimpelekee nini mkwe Mjerumani, ningejibu bila kufikiri: divai ya Dodoma. Wiski anaijua. Divai ya zabibu za Hombolo hajaiona. Inunue hapahapa mjini na uiweke kwenye begi kubwa linaloingia tumboni mwa ndege, ambako kile kipimo cha mililita 100 hakipo. Kinywaji kisichozidi asilimia 24 hakina kikomo cha usalama kwenye mzigo wa chini. Kinachokubana ni kilo zako na forodha ya unakokwenda. Umoja wa Ulaya unamruhusu mtu mzima kuingia na lita 4 za divai bila kulipa chochote, yaani chupa tano za kawaida, na lita moja ya pombe kali kando. Lakini chupa moja iliyojaa hupita kilo moja, kwa hiyo mbili zinatosha. Zifunge kwa nailoni, uzikunje ndani ya vitenge vya binti, na uziweke katikati ya begi, mbali na kingo.

Na kwa kuwa najua mama akienda kumuuguza mzazi haendi na vitenge peke yake: nyama ya aina yoyote, hata iliyokaushwa, iache. Samli na jibini pia, maana vitu vya nyama na maziwa kutoka nje ya Ulaya haviruhusiwi kwenye mizigo ya abiria. Asali ya Singida au Kondoa inaruhusiwa mpaka kilo 2, lakini kwenye begi la chini. Zabibu mbichi usijaribu. Matunda mabichi karibu yote yanadai cheti cha afya ya mimea. Mlenda mkavu, ubuyu, karanga na unga wa lishe usiochanganywa na maziwa ya unga kwa kawaida havina matatizo. Vifunge vizuri na uandike jina la kitu juu yake, maana ofisa wa forodha wa Hamburg akikutana na unga wa kijani usio na jina, mtakaa naye kwa muda.

Sasa safari yenyewe. Unaiogopa Addis na Frankfurt, mimi naogopa Dodoma mpaka Dar. Kuanzia Dar mpaka Hamburg uko kwenye tiketi moja: ndege ya kwanza ikichelewa ukaikosa ya pili, ni juu ya shirika kukupangia nyingine. Kipande cha Dodoma ni chako peke yako. Ndege ya asubuhi ikiahirishwa, au basi likikwama Morogoro, ndege ya Addis haikusubiri na huenda tiketi nzima ikafutwa, pamoja na ya kurudia. Kwa hiyo nenda siku moja kabla, ulale Dar. Hili sina mzaha nalo.

Kwa mtu wa begi kubwa ningechagua treni ya SGR. Tangu ilipoanza kubeba abiria mpaka Dodoma, mwishoni mwa Julai 2024, safari iliyokuwa ya kutwa nzima kwa basi imekuwa ya saa nne hivi au pungufu. Fika stesheni mapema, maana mizigo inapita kwenye mashine na mlango unafungwa kabla ya treni kuondoka. Kama treni yako inasimama Pugu, teremka pale, ni karibu zaidi na uwanja wa ndege kuliko kuingia mpaka mjini. Basi nalo linakuacha Mbezi Luis, na kutoka Mbezi mpaka uwanjani jioni, hata kwa madaraja yaliyojengwa Ubungo na TAZARA, foleni haina adabu. Ukiamua kupanda ndege ya Dodoma, itakuteremshia Jengo la Pili. Za kimataifa zinaondokea Jengo la Tatu, na hakuna njia ya ndani ya kuunganisha. Unachukua begi lako, unatoka nje, unakwenda kwa gari.

Kuna mtego mwingine ambao umewaumiza hata wasomi. Saa za tiketi zinahesabiwa kuanzia usiku wa manane. Chukua mfano: tiketi ikisema 00:40 tarehe 14, maana yake ni saa sita na dakika arobaini, usiku wa kuamkia tarehe 14. Unatakiwa uwe uwanjani tarehe 13 saa tatu usiku. Kuna watu wamekwenda tarehe 14 usiku, wamevaa wamependeza, wakaambiwa ndege iliondoka jana. Mwambie mwanao akuandikie kwenye karatasi, kwa Kiswahili chetu: siku, usiku au mchana, na saa ya kutoka nyumbani. Addis saa zao ni sawa na zetu, na Waethiopia nao huhesabu kuanzia asubuhi kama sisi, kwa hiyo mtu wa kawaida akikutajia saa muulize ni ipi kati ya hizo mbili. Ubao wa uwanjani unafuata ya tiketi. Ujerumani wako nyuma yetu kwa saa moja majira ya joto, mbili majira ya baridi.

Begi kubwa utaliacha kaunta ya Dar na utalichukua Hamburg. Addis huligusi, Frankfurt huligusi. Lakini hakikisha mwenyewe. Mhudumu akishafunga ile lebo ndefu kwenye mkono wa begi, isome kabla mkanda haujalichukua: herufi tatu kubwa kuliko zote ziwe HAM. Ukiona FRA, begi linaishia Frankfurt. Ukiona ADD, linabaki Addis. Mwambie palepale abadilishe. Kile kipande kidogo chenye namba atakachokubandikia nyuma ya pasi kitunze, ndicho ushahidi wako begi likichelewa. Omba pia akupe pasi zote tatu, ya Addis, ya Frankfurt na ya Hamburg, ili usihitaji kaunta nyingine njiani. Dawa zako za presha, miwani na nguo moja ya kubadili viwe kwenye mkoba wa mkononi.

Addis ni rahisi kuliko unavyodhani. Usifuate watu wanaotoka nje, fuata alama za wanaobadilisha ndege, utakaguliwa, kisha tafuta ubao wenye safari yako na namba ya mlango. Itazame tena baada ya muda, milango hubadilika.

Frankfurt ndiko kwenye kazi. Ni pale, si Hamburg, utakapokaguliwa pasipoti ya kuingia Ulaya, na siku hizi kuna mfumo mpya ulioanza Oktoba 12, 2025 unaochukua alama za vidole na picha ya uso, kwa hiyo foleni zinaweza kuwa ndefu. Uwe na barua ya mwaliko ya binti, bima ya safari na tiketi ya kurudi mkononi, visiwe ndani ya begi kubwa. Forodha nayo imegawanyika: mkoba wa mkononi unahesabika Frankfurt, begi kubwa Hamburg. Kama muda wa kuunganisha pale ni chini ya saa mbili, mwambie binti aombe ndege ya baadaye ya Hamburg sasa hivi, kabla hujaondoka.

Na kama magoti yanasumbua, au hata una wasiwasi tu wa kutembea masafa yale, binti alipigie shirika simu angalau saa 48 kabla aombe huduma ya kusindikizwa kwa kiti cha magurudumu. Kwa wazee na wenye shida ya kutembea ni bure, Ulaya ni haki kisheria. Mtu anakupokea mlangoni mwa ndege, anakupitisha uhamiaji na ukaguzi, anakufikisha mlango wa pili. Kina mama wa Kitanzania wanaona aibu kukaa kwenye kile kiti wakati wanatembea. Kaa, mama.

Hamburg binti atakupokea, bila shaka. Ila siku ya kurudi mkienda uwanjani kwa treni ya mjini, ile S1, kaeni mabehewa ya mbele. Ikifika Ohlsdorf treni inakatwa vipande viwili: cha mbele kinakwenda uwanja wa ndege, cha nyuma kinakwenda Poppenbüttel.

Wakati wa kurudi ndipo ununuzi unapolipa, kwa sababu wewe si mkazi wa Ulaya. Mkinunua nguo au vyombo vinavyozidi euro 50 kwenye risiti moja, muulize muuzaji fomu ya kurejeshewa kodi, aijaze kwa jina na namba ya pasipoti yako. Forodha lazima waione bidhaa pamoja na fomu, na waigonge muhuri. Vitu vinavyokwenda kwenye begi kubwa vionyeshwe Hamburg kabla begi halijaondoka. Vya mkononi vinaonyeshwa Frankfurt. Hutapata asilimia 19 yote, mawakala wanakata chao, lakini kwa koti la baridi la mtu mzima inatosha kuonekana.

Chupa, kama bado unataka chupa, inunue Addis. Ni kituo cha mwisho kabla ya Dar, hakuna kituo kingine cha kubadilisha ndege mbele yake mpaka ushuke. Na pale pale kuna kahawa ya Kiethiopia ya punje, ambayo si kimiminika na haimwagiki. Forodha ya Afrika Mashariki inamruhusu abiria mtu mzima lita moja ya pombe kali, au lita mbili za divai, na nusu lita kwa pamoja ya manukato na maji ya kunukia, ambayo manukato yenyewe hayatakiwi kuzidi robo yake. Ukumbuke pia mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019. Mifuko ya kubebea ya madukani utatakiwa kuikabidhi hapo uwanjani, hivyo beba kikapu au mfuko wa kitambaa.

Ukishavuka forodha Jengo la Tatu, kabla hujaelekea popote, fungua begi kubwa palepale pembeni uingize chupa zote ndani. Kama unaendelea kwa ndege ya Dodoma, hiyo ni tiketi nyingine, utakabidhi begi upya, na kipimo chake cha mizigo mara nyingi ni kidogo kuliko cha ndege ya kimataifa. Begi lililopita bila neno Hamburg linaweza kutozwa hela Jengo la Pili. Uliza kilo kabla ya kukata tiketi, na uikate ya siku inayofuata.